Kiganja Kilichowasha Friji

Wiki iliyopita nilikuta friji la duka moja hapa Kyela mjini limekufa, na mama mmoja wa Mwaya amesimama mbele yake, mikono kifuani. Mbasa, samaki wa ziwani, wa harusi ya binti yake walikuwa humo, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Wameharibika?" aliuliza.

Mwenye duka aliwabonyeza. "Bado, mama. Ila tusichelewe."

Fundi aliyeitwa na mwenye duka alifunga themostati mpya, kifaa kinachopima baridi, akawasha, mashine ikanguruma. Kisha akatumbukiza ncha ya kibomba chembamba cha shaba cha themostati hiyo kwenye bilauri ya barafu na chumvi. Baada ya muda tukasikia "ta!", mashine ikanyamaza.

"Mama, shika hapa," fundi alisema.

Mama akaifumbata ncha ile. Tukangoja. "Ta!" Friji likanguruma tena.

"Nani kaliwasha?" mama aliuliza.

"Wewe. Humo mna gesi. Joto la mkono wako limeitanua, ikasukuma swichi, umeme ukapita. Ikipoa inasinyaa, umeme unakatika."

Mama alikitazama kiganja chake kilichokomaa kwa jembe. "Ndaga fijo," alimshukuru fundi kwa sauti ndogo.

Mbasa walipona, wakaliwa. Mimi, tangu biashara huria ijaze mafriji madukani, nimekunywa soda baridi nyingi bila kujiuliza nani huamua kwamba baridi imetosha. Siku ile, fundi alipoirudisha ncha ndani ya friji, tulisubiri, watu wazima wanne, karibu saa nzima mbele ya mlango wake uliofungwa, tuone kama litajizima. Friji lilipojizima lenyewe, mwenye duka alilivulia kofia.