Mnaomwita katili yule mzee wa upanga kwenye anime, mimi nilifundishwa panga na mtu kama yeye

Wakuu wa humu, na nyie watoto mnaojiita wakuu, habari zenu. Shikamoo hamjanipa, lakini marahaba.

Mimi ni bibi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha maandishi apite mbali. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, na alama yake iko mguuni mwangu. Sina chumvi ya kuongeza.

Iko hivi.

Mjukuu wangu Nuru anaangalia anime kwenye simu, hizo katuni za Kijapani za watu wa mapanga. Huwa ananisomea mnavyobishana humu. Juzi kanisomea uzi mnamtukana yule mzee mwalimu. Eti hana utu. Eti mwanafunzi anaanguka kwenye mawe, damu inamtoka, mzee kasimama tu, mikono kaificha ndani ya joho. Badala ya kumwinua anamwambia, "Ukishindwa kuinuka, lala hapo hapo."

Nikamwambia Nuru, hebu rudisha nyuma. Akarudisha. Nikamwambia, rudisha tena.

Niliiangalia ile mikono. Kila kijana akianguka, mzee anaiingiza ndani ya joho. Kila akianguka.

Nikasema, loo, namjua huyu.

Sasa tulieni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria linaingia. Nilikuwa nimeolewa upande wa Lulindi, ndoa ikavunjika, nikarudi kwetu juu huku Newala, kijiji kimoja karibu na Mkunya, na watoto wawili. Mama yangu alishakufa. Kaka yake, yaani mjomba wangu, naye alishakufa.

Kwa asiyejua: kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Shamba la mama ni lako, lakini wa kusimama kukusemea ni mjomba. Mimi sikuwa naye.

Shamba la mama lilikuwa mikorosho, na lilikuwa pori. Watu walipohamishiwa vijijini wakayaacha mashamba, halafu korosho ikakosa bei, halafu ukungu ukala maua. Nani angehangaika? Matawi yalishuka hadi chini, ndani humo mnaweza kujificha kijiji kizima.

Ghafla wanunuzi binafsi wakaanza kupita. Kila mtu akakumbuka shamba la bibi yake!

Serikali ya kijiji ikatangaza: mikorosho ikianza kutoa maua, wanapita kukagua. Shamba lililo pori anapewa mwenye nguvu ya kulisafisha. Lililosafishwa linaandikwa kwa jina la aliyelisafisha.

Mimi panga nilijua la kuchanja kuni. Kupogolea mkorosho, yaani kuupunguza matawi, sikujua. Ukikata ovyo unaua mti.

Nikaenda kwa Mzee Dadi.

Huyu ndiye alikuwa bingwa wa kupogolea kote kule. Mkato wake ulikuwa unajulikana, unateleza kama kisahani. Mdomo wake nao ulikuwa unajulikana. Watoto walikuwa wanazunguka njia wasipite kwake.

Nikapiga magoti, nikamwomba anifundishe. Akaniangalia mikono.

"Hii ni ya kukandia unga," akasema. "Panga unalo?"

"Sina, mzee wangu. Nilidhani nitatumia la kwako."

"Langu huligusi. Nenda kwa mhunzi, upate lako. Ukikosa, usirudi."

Nikampa mhunzi majembe mawili ya marehemu mama, akanifulia panga. Nilirudi nalo nikidhani atanisifu. Akasema linafaa kukatia vitunguu.

Jirani yangu Mama Somoe aliposikia akashika kichwa. "Mama Zuhura, umefanya nini! Umemwingiza mzee wa ukoo mwingine shambani? Akikata tawi moja tu, wapwa zake watasema jasho la mjomba wao limo humo. Watakula shamba lote."

Wakuu, alisema kweli. Mzee Dadi alikuwa na mpwa, Bakari, na shamba la Bakari lilipakana na la mama.

Kumfukuza mzee sikuweza, ningejifunza kwa nani? Kumwacha nako ni hatari. Nikawa nalala na hofu, naamka nayo.

Kila asubuhi mzee anakuja. Mwezi wa sita, mnaijua baridi ya Newala. Anakuja na kifimbo tu, anakaa kwenye gogo, mikono anaikalia chini ya mapaja. Mimi nilijua ni baridi.

Kazi yake kusema.

"Wewe mama, unakata mti au unaukuna?"

"Mbuzi angekwisha maliza huo."

"Kata chini kwanza! Tawi zito unalikata chini kidogo, ndipo unamalizia juu. Ukianza juu litaanguka na gome lake."

Siku ya nne nikasahau. Nikaanza juu. Tawi likalia, likashuka, likachana gome la shina kuanzia kifuani kwangu hadi gotini. Mti ukabaki mweupe kama mfupa. Ndio mkorosho mkubwa kuliko yote aliokuwa anaupenda mama.

Nikataka kuusawazisha.

"Acha!" akafoka. "Usiguse. Ubaki hivyo hivyo, kila anayepita auone. Na kila asubuhi uuamkie."

Basi mtu mzima nikawa naamkia kidonda cha mti. "Shikamoo." Nilimchukia, nisiwafiche.

Siku nyingine tawi lilikuwa juu, mikono imekwisha nguvu, nikamwambia, "Mzee wangu, nisaidie hili moja tu."

"Hilo panga la nani?"

"Langu."

"Basi na tawi ni lako."

Nikapanda kwa hasira. Mguu ukateleza, nikaanguka, panga likanipasua muundi. Nikamtazama nikilia. Alikuwa ameinuka nusu. Halafu akarudi kukaa, akaikalia mikono yake, akageuza uso. "Funga na kanga," akasema. "Huo si mguu wangu."

Huku Bakari anapita mpakani kila siku, anahesabu hatua, anacheka. "Shemeji, asante! Unatutengenezea shamba vizuri!"

Mzee anamsikia, hamkatazi. Nikasema basi, lao moja, hawa wamekubaliana.

Maua ya kwanza yakatoka. Nilikuwa nimemaliza mikorosho yote, wa mwisho nimeumaliza asubuhi ileile ya ukaguzi. Wakaja mwenyekiti na wajumbe, na watu nyuma yao, maana penye ugomvi hatukosekani.

Bakari hakungoja aulizwe. "Mwenyekiti, shamba hili limesafishwa na mjomba wangu. Kijiji kizima kimemuona. Jasho la mjomba ni la mpwa."

Watu wakanung'unika, ni kweli, wamemuona. Mama Somoe akaniangalia jicho la nilikwambia.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mzee Dadi, ulikuwa unakuja hapa?"

"Nilikuja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikashika mti. Nikaona watoto wangu wanakula kwa watu.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akainuka, akawaongoza hadi kwenye ule mti uliochanika. Akaugonga na kifimbo.

"Nyie mnaujua mkono wangu. Nani kati yenu nimempogolea nikamwachia aibu hii? Semeni."

Akaninyooshea kifimbo.

"Huyu mama ni mharibifu. Hajui kitu. Zungukeni muone, kila mti ameujeruhi. Mimi au mpwa wangu tungekata hivi? Panga ni lake, mhunzi yule pale mwulizeni. Mimi hapa sijavunja hata kijiti cha kuchokolea meno."

Bakari akasema, "Mjomba, unanitupa?"

"Mjomba wako alikuja kukaa. Kama jasho la kukaa lina urithi, chukua lile gogo."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaangusha karatasi. Wakazunguka, wakaiona mikato yangu mibaya, mti kwa mti. Wakaliandika shamba jina langu.

Mimi nilibaki nimeshika mti, sijui nilie au nicheke. Ndipo akili ikaanza kunirudia. Kwa nini panga langu. Kwa nini tawi langu. Kwa nini kidonda kisiguswe. Kama angenionea huruma siku moja tu, akakata tawi moja, shamba lingekwenda. Ile mikono hakuikalia kwa baridi.

Watu walipoondoka nikaenda kupiga magoti nimshukuru. Akanikatiza.

"Lete hilo panga la vitunguu."

Nikampa. Ndiyo mara ya kwanza kulishika. Akayajaribu makali yake kwa kidole gumba, akasonya. Akausogelea ule mti, akasafisha jeraha lote, chini kwanza, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto. Akaniagiza udongo na maji, akapaka.

"Sasa ruksa kugusa," akasema. "Na usirudie ujinga huu."

Akaondoka. Nilimfundisha binti yangu kazi hiyohiyo, na mdomo nilitumia wa kwake.

Mti upo mpaka leo. Gome limefunika, umebaki mstari.

Somo langu ni fupi. Kuna watu wanakupenda kwa mdomo, na mikono yao inakuponza. Kuna mwingine anakutukana asubuhi mpaka jioni, kumbe amejifunga mwenyewe asikusaidie, ili chako kibaki chako. Msimhukumu mtu kwa ukali wa sauti. Tazameni mikono iko wapi.

Nuru anasema katuni haijaisha, kwa hiyo kama kuna aliyemaliza asiniambie mwisho. Ila nani humu alikuwa na mwalimu, fundi au shangazi wa namna hii, mkamchukia mkaja kujuta? Andikeni hapo chini, nitasomewa zote.

Na mwanze na shikamoo.