Mbona Halikati Kona?

Juzi, katika chuo kimoja cha ufundi Nachingwea, niliona wanafunzi wakipeana michoro ya viti walivyobuni, kila mmoja aikosoe ya mwenzake. Nikakumbuka mchana mmoja shuleni Malolo, darasa zima likinuka kandambili tulizozitoboa kwa msumari wa moto ziwe magurudumu ya magari ya waya. Mwalimu alituambia tubadilishane na jirani wa dawati, tuambiane tulichoona.

Nilitaka Zuhura, jirani yangu wa dawati, aseme neno moja tu: zuri. Yeye akaligeuza gari langu juu chini, akalisogeza karibu na macho.

"Mbona halikati kona?"

"Basi lirudishe!"

"We naye! Nimeuliza tu, unakasirika nini?"

Nilidhani anayeuliza hajapenda. Hata leo mtu akiniuliza kuhusu kazi yangu, usingizi unakatika. Tulipotoka shule alinifuata, bado anauliza: na waya huu ukikunjwa hapa? Nikamwachia gari ili anyamaze. Tulipofika njia panda, magurudumu ya mbele yalikuwa yanageuka kushoto na kulia, Zuhura anacheka peke yake, na mimi bado nimenuna.