Mbu Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilimeza mbu. Ilikuwa Embu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika zizi la ng'ombe nyuma ya maabara ya wadudu. Mkuu wa Maabara alinipa kijibomba cha kioo chenye mpira mwembamba, akaniambia nikisogeze kwa mbu aliyetulia ukutani, kisha nivute pumzi. Ndani huwa kuna kitambaa cha kumzuia mbu asifike mdomoni. Changu kilikuwa kimelegea. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka.

"Sasa umeajiriwa," Mkuu akasema, bila hata kucheka.

Nyumbani Runyenjes, baba alikuwa ametangazia soko zima kwamba mwanawe ni daktari. Watu waliponiletea watoto wenye kikohozi, ilibidi niwaeleze kwamba mimi ni wa mbu. Walicheka. Tangu hapo baba hakuitaja tena kazi yangu mbele ya wageni.

Mkuu alinifundisha kuwatofautisha mbu. Anofelesi hutua akiwa ameinua kiuno juu; kuleksi hulala sambamba na ukuta. Anofelesi ndiye hubeba malaria, tena jike peke yake, kwa maana dume hanywi damu.

Baadaye nilihamishiwa Meru, chini ya Afisa wa Malaria wa Wilaya, mtu mkali aliyependa ushahidi kuliko chai. Nilikuwa nimeshamwoa Karimi, binti wa kijiji cha Ruiri. Mwaka huo watoto wengi wa Ruiri walishikwa na homa. Wakubwa walishikilia kwamba malaria ni ugonjwa wa nyanda za joto, kwenye baridi kama Ruiri huletwa na wasafiri tu, kwa hiyo zahanati ya pale haikuwekewa dawa yake. Afisa alitaka mbu kutoka nyumba ya mgonjwa ambaye hajawahi kusafiri. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa mmoja tu tuliyemjua kwa hakika: Makena, mpwa wa mke wangu, aliyelala kitanda kimoja na bibi yake. Bibi huyo ni mama mkwe wangu.

Huku kwetu kuna kitu tunaita nthoni, yaani aibu na heshima kwa pamoja. Mwanamume haingii chumba anacholala mama wa mkewe. Hata kukitazama hakitazami.

"Mtume mwenzangu, mzee," nilimsihi Afisa.

"Mwenzako amelazwa na homa hiyohiyo. Wewe ni mwanasayansi ama ni mkwe?"

"Ni vyote viwili, mzee."

"Basi kesho asubuhi uwe kimoja."

Nilimkuta mama mkwe mlangoni, leso begani. Nilimweleza shida yangu huku nikiwatazama kuku.

"Baba Mwenda," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "hakuna mtu mwingine wa hiyo kazi?"

"Hakuna, Mama."

"Hata dereva aliyekuleta?"

"Dereva hajui, Mama."

"Basi ningoje nitoe vitu vyangu."

"Ukigusa matandiko mbu wataruka, Mama. Lazima viachwe vilivyo."

Makena akalia ndani, kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Mama mkwe aliingia akambeba, akapita kando yangu uso umefunikwa leso, akaenda nyuma ya jikoni asinione nikiingia.

Niliona yote. Gauni la ndani lenye viraka, limetundikwa kwenye msumari. Kopo la haja ndogo. Mahali godoro lilipobonyea kwa mwili wake. Nilitandika taratibu shuka nyeupe kila mahali, hata juu ya kitanda, ili mbu waonekane wakianguka, nikapuliza dawa ya pareto ya kuwaua, nikafunga mlango nikangoja. Niliporudi nilitambaa chini ya kitanda na tochi na kibano, nikiokota mbu walioanguka. Matumbo yao yalikuwa mekundu. Damu ile ilikuwa ya mama mkwe na ya mjukuu wake.

Nilitoka kinyumenyume, magoti yamejaa vumbi. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua. Mama mmoja akajifunika mdomo.

Mchana huo, chini ya darubini, nilithibitisha kwamba ni anofelesi. Nilipasua tezi zao za mate nikavikuta vimelea vya malaria. Afisa aliinamia darubini akatazama. "Kumbe si wasafiri. Ugonjwa uko hapahapa."

Dawa ililetwa zahanati, na mashimo ya matofali yaliyojaa maji, walimozaliana mbu, yakafukiwa. Makena akapona. Mimi wazee walinitoza mbuzi kwa kuvunja nthoni, nikamtoa. Mama mkwe akahamisha kitanda chake chumba kingine, na hakunisemesha tena.

Vijana wa siku hizi hutega mbu kwa taa, hawaingilii chumba cha mtu. Nawaonea wivu. Wakiniuliza kama ningerudi kuingia, najibu ndiyo, na hapohapo uso unanichoma.

Nilipostaafu tulichinja nyumbani. Mama mkwe alikuja, mzee sana, akiongozwa na Makena. Akakalishwa, akageuza kiti kidogo ili anipe ubavu. Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana kikombe.

"Karimi," akasema, "mwambie nimekuja kumshukuru."

Karimi akanitazama. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa, siwezi kukiinua.

"Mwambie nimesikia," nikasema.