Kompyuta Ilipobadilika Sura

Kwa miaka mingi wateja wa steshenari yetu pale mtaa wa Ngokolo walinitafuta mimi. Hata wachimbaji wa dhahabu waliokuja kutoka Nyarugusu walinisubiri niwachapie barua zao. Kisha bosi akaweka programu mpya kwenye kompyuta. Asubuhi iliyofuata nikakuta kitufe cha kuanzia kimehamia katikati ya skrini, na mafaili yangu siyaoni. Mwenzangu, binti mgeni kazini, alizoea siku hiyohiyo. Wateja wakahamia kwake. Nilimwonea wivu hadi shikamoo yake nikawa naiitikia puani.

Siku mteja wangu wa zamani aliponipita akaenda kwake, nikashindwa kuvumilia. Nikasogeza kiti hadi kwake.

“Mdogo wangu, mafaili yamejificha wapi?”

“Nilikuwa naogopa kukuonyesha, dada,” akasema.

Alinifundisha vizuri. Lakini akicheka na wateja, roho bado inaniuma.