Wimbo wa Pili wa Mahoro

Huku kwenye vilima vya Muheto tuna neno letu juu ya wanamuziki: wimbo wa kwanza ni bahati, wa pili njo unaonyesha muntu. Nyirakamana alilisikia neno hilo mpaka masikio yakachoka. Kila akishuka sokoni na bidoni zake za maziwa, hakosi mtu wa kumchokoza.

"Mama Mahoro, wimbo ya pili iko wapi? Ao mutoto alimalizaka sauti?"

"Ng'ombe haizalake kila siku," anajibu huku akipima maziwa. "Ngojeni tu."

Mahoro, binti yake, alikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka uliopita kijana mmoja wa Goma anayeitwa Prince, mwenye kamera na kompyuta, alimsikia akiimba kwenye korali ya kanisa, akamrekodi wimbo ulioitwa "Kikombe Moja". Haukuwa na mambo mengi, jamani: mtoto anaomba kikombe cha maziwa kabla ya kwenda masomo, basi. Lakini uliwaingia watu. Motard akipita na pikipiki yake anaupiga, harusi haiishi bila huo, hata wale wenye bunduki kwenye mabariere, vile vizuizi vya barabarani, waliuweka kwenye telefone zao. Na Nyirakamana, mjane ambaye hakuna aliyemuuliza hali tangu bwana yake afe, akawa Mama wa Mahoro, anapewa kiti hata kwenye matanga ya watu asiowajua. Alipenda, na nani angekataa?

Sasa nisikilizeni kwanza juu ya ng'ombe, maana bila ng'ombe hamtaelewa kitu.

Bwana yake, marehemu Semana, alikuwa mfugaji mtoto wa mfugaji. Vita ilipopanda kilima chao na ng'ombe wa majirani wakaanza kuswagwa mbele ya macho ya wenyewe, Semana alifanya vile watu wa kwao hufanya: aligawa kundi, akapeleka wengine kwa rafiki wa mbali. Wale waliobaki nyumbani walichukuliwa wote, na yeye akafa akiwatetea. Waliopona ni wale waliokuwa upande wa Walikale, kwa Papa Habineza wa Kashebere, mkulima wa maharagi ambaye maishani mwake hakuwa amefuga hata mbuzi.

Habineza aliwapokea akawafanya wake. Aliwakata ncha za pembe ili asitokee wa kuwatambua. Akawapa majina ya shambani: Bihogo, yule mwekundu ambaye Semana alimpenda kupita wote, akaitwa Kiazi, na mwenzake akaitwa Haragi. Akiulizwa, anasema bila kupepesa jicho, "Niliuzisha shamba ya ndizi ya baba, nikanunua ng'ombe. Kuna shida?" Kijiji kizima kikamcheka, kikamwita Papa Kiazi mpaka watoto wakasahau jina lake la ubatizo. Mwenyewe aliacha wacheke. Wenye bunduki wa upande ule walikuwa wametangaza sheria yao: yeyote anayeficha ng'ombe za watu wa ng'ambo ni adui. Kuna mtu wa kijiji cha jirani aliyejaribu. Nyumba yake ilibaki majivu, na yeye mwenyewe, mpaka leo ndugu zake hawana kaburi la kumlilia.

Kwa hiyo Nyirakamana na Habineza hawakupigiana simu juu ya ng'ombe, hata siku moja. Ndama akizaliwa, Habineza alituma gunia la colocase, yaani magimbi, kwa motard, na katikati ya colocase kuna nywele za mkia zilizofungwa kwa uzi. Nyirakamana anazitoa, anazinusa, machozi yanamtoka, anamwita binti yake.

"Umeona? Huyu muntu angetuuzisha zamani. Kwetu, mwenye kukuchungia ng'ombe haumulipake na franga. Unataja jina yake mbele ya watu. Siku amani itarudi, tutaitaja."

Na kweli njo desturi yao. Kwenye sherehe mtu anasimama, anawasifu ng'ombe mmoja mmoja, halafu anamtaja kwa sauti yule aliyewatunza, na asiyefanya hivyo anahesabiwa mwizi. Mahoro alikulia kwenye maneno hayo. La kutaja jina lilimwingia. La kungoja amani lilipita pembeni.

Prince aliporudi kwa ajili ya klipu ya wimbo wa pili, Mahoro alimuaga mama yake vizuri tu. "Tunaenda Shasha, Mama. Prince anataka ziwa na mitumbwi." Wakapanda pikipiki wakaenda, na wakakawia kuliko walivyosema. Mtoto aliporudi alikuwa anacheka peke yake, na viatu vyake vyeupe vimejaa matope mekundu mpaka kwenye kamba.

"Shasha iko muchanga," Nyirakamana akasema. "Hii matope uliikanyaga wapi?"

"Mama naye! Acha maulizo. Utaona, utafurahi mpaka ulie."

Nyirakamana akaviosha vile viatu yeye mwenyewe. Matope yale aliyafahamu. Aliwahi kuyakanyaga akiwa nyuma ya ng'ombe, siku ile walipowapeleka. Lakini nani anataka kuvunja furaha ya mtoto kwa sababu ya matope? Akavianika juu ya ukuta.

Klipu ilitoka siku moja kabla ya soko. Aliyeileta sokoni ni Epiphanie, rafiki yake muuza fromaji, jibini ya kwetu Masisi, akikimbia na telefone juu kama amebeba mtoto mchanga. "Iko hapa! Iko hapa! Mama Mahoro, sogea!" Wanawake wakaacha mizani na ndoo, wakajazana.

Picha ilianza juu angani, kwa ile mashine ya Prince inayoruka. Ikaonyesha barabara, ikaonyesha daraja la miti, ikashuka polepole kwenye bonde lenye migomba, na katikati ya migomba kuna ng'ombe waliokatwa pembe. Halafu Mahoro akatokea, mzuri kupita maneno, anamvisha mzee mmoja kofia nyekundu. Mzee anacheka na meno yake yote, anajaribu kucheza. Na mtoto anaimba:

*Papa Habineza wa Kashebere,*
*Bihogo yetu inalala kwako,*
*ulisema ni yako, kumbe ni yetu,*
*leo minataja jina yako.*

Soko likalipuka kwa vigelegele. Epiphanie alikuwa anacheza tayari, fromaji kichwani.

"Mama Mahoro, hauchezi?"

"Zima."

"Nini?"

"Minasema zima!" Akamnyang'anya ile telefone, akaibonyezabonyeza bila kujua anabonyeza wapi, na wimbo ukaanza upya. Wanawake wakatazamana. Nyirakamana akairudisha, akaacha bidoni zake palepale zikiwa nusu, akapanda kilima karibu kukimbia.

Mahoro alikuwa kizingitini anasoma salamu za watu.

"Futa ile kitu."

"Mama? Haukuipenda?"

"Futa, Mahoro! Leo, sasa hivi!"

"Hata nikifuta kwangu, iko tayari kwa telefone ya watu. Mama, kuna nini? Papa Habineza mwenyewe alikubali! Alifurahi sana. Alisema miaka yote watu wanamucheka juu ya Kiazi, sasa watajua aliifanya nini. Na Prince alimuambia kule rezo ya telefone haifikake. Wataona watu wa Goma na Kinshasa tu."

"Na 'Kikombe Moja' ilifika namna gani kule? Ilikwenda na rezo?"

Wimbo wa kwanza ulikwenda na motard, kutoka karte ya telefone moja mpaka nyingine, bariere kwa bariere. Hilo Mahoro alilijua vizuri, maana alikuwa anajisifia kila siku. Akaanza kulia.

"Ni weye ulinifundishaka, Mama. Ulisema tutaitaja jina yake."

Ee Mungu wangu. Nyirakamana alikuwa ameinua mkono ampige, mkono ukashuka wenyewe. Hasira yote ikamgeukia yeye mwenyewe. Amekaa miaka anamfundisha mtoto shukrani, na hakumfundisha woga hata kidogo, kwa sababu alitaka mtoto mmoja katika nyumba ile akue bila woga. Mdomo uliponza kichwa, lakini hapa kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Akajaribu kupiga simu. Haipatikani. Habineza alikuwa anawasha telefone akipanda kilima cha rezo, na hilo ni Jumapili baada ya misa. Basi akafunga kitambaa kichwani, akatafuta motard, akamwambia Kashebere, na asisimame njiani kunywa chai.

Motard alimtambua. Alifurahi huyo! "Mama wa Mahoro kwa pikipiki yangu? Leo nimebarikiwa." Akaunganisha telefone yake na kile kipaza sauti cha mbele, akafungulia mpaka mwisho. *Papa Habineza wa Kashebere...*

"Baba, minakuomba, punguza hiyo."

"Hapana, Mama, acha watu wajue nimebeba nani!"

Kila kijiji walichopita, watoto walikimbia pembeni wakiimba naye. Hawakuanza kujifunza wakati ule; walikuwa wanaujua tayari, wote, mpaka lile neno la Bihogo. Nyirakamana alijaribu kufikiri atakavyomtoa Habineza: amwambie ana mgonjwa Masisi, apande pikipiki hiihii, ng'ombe wabaki, ng'ombe wachukuliwe wote, shauri yao. Bihogo wa Semana achinjwe. Mtu apone tu. Aliomba hivyo njia nzima, na wimbo ukimpigia kelele juu ya sala yake.

Bariere ya mwisho ilikuwa kabla tu ya kijiji, kamba imefungwa toka mti mpaka mti, mashamba ya maharagi chini ya barabara. Wanaume wa pale walikuwa wageni, wamebadilishwa juzi. Mkubwa wao alikaa kwenye benchi, bunduki imelala kwenye mapaja, telefone mkononi. Alikuwa anatazama klipu.

"Motard, zima yako, tusikie yangu," akasema kwa upole. "Karibu, Mama. Unatoka wapi?"

"Muheto."

"Aa, Muheto! Kwa huyu mutoto." Akamgeuzia telefone. "Anaimba muzuri, huyu. Tangu asubuhi minausikiliza. Sasa unisaidie kitu, Mama. Huyu Habineza iko muntu kweli, ao ni jina ya wimbo tu? Nimeuliza kijijini, kila muntu anasema hamujui."

Nyirakamana akaelewa. Kijiji kimemficha. Mungu awabariki, kijiji kizima kimemficha.

"Alikufaka," akasema.

Kwao, kumwita mzima marehemu ni laana. Bibi yake angemziba kinywa na majivu. Alisema hivyo hivyo, akarudia. "Alikufa zamani. Mutoto anamuimbia marehemu, rafiki ya baba yake."

"Na huyu muzee wa kofia?"

"Ni wa Sake. Walimuleta kwa klipu, acheze tu. Na ng'ombe ni za watu wa fromaji."

Mkubwa alimtazama muda mrefu. Nyirakamana hakushusha macho.

"Pole basi," mkubwa akasema mwishoni. "Tulitaka kumupongeza." Akapunga mkono, kamba ikaanza kushushwa. Nyirakamana akashika bega la motard ili apande. Alikuwa anapumua tena.

Njo hapo maharagi yalipotikisika chini ya barabara.

Mzee mmoja alikuwa anapanda kutoka shambani, alikokuwa tangu alfajiri, jembe begani, miguu myekundu kwa matope. Alikuwa amesikia ile pikipiki tangu mbali, na jina lake ndani ya wimbo. Kichwani amevaa kofia nyekundu.

"Mama Mahoro!" akaita. "Niliposikia wimbo nikajua tu ni weye! Umeona? Umeona vile mutoto alinifanyia?"

Motard akainamisha kichwa. Mkubwa akaitazama kofia, akaitazama telefone, akarudia kuitazama kofia.

"Muzee," akauliza, upole uleule, "weye njo nani?"

Nyirakamana akakohoa. Akatikisa kichwa, akamtolea macho, akamsihi kwa uso wote aliokuwa nao. Miaka yote ile Habineza alimdanganyia kila mwenye bunduki, kwenye mvua na kwenye jua, na hakukosea hata neno moja. Sema Papa Kiazi. Sema tu Papa Kiazi, kama siku zote! Lakini Habineza hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama uso wake mwenyewe ukicheza kwenye kioo cha telefone, mkononi mwa mkubwa, na alifikiri wamekuja kushangilia. Akavua kofia kwa heshima.

"Habineza wa Kashebere," akasema, "njo miye."

Mkubwa akajisogeza kwenye benchi, akapigapiga nafasi ya pembeni yake. "Karibu, Papa. Kaa. Na weye Mama, kaa."

Kamba ikapandishwa. Mkubwa akarudisha wimbo mwanzoni, na Habineza, jembe katikati ya magoti, akauimba pamoja na mtoto kwa sauti ya shamba. Maneno mengine aliyageuza kidogo ili yamfae: nilisema ni yangu, kumbe ni yao.