Saa Nne Kutoka Guangzhou

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na kwetu Mbagala hilo linatosha kunifanya mjuzi wa kila kitu: mvua, bei ya korosho, hata ndege ambazo sijawahi kuzipanda. Sifa hiyo ilinivimbisha kichwa kwa miaka.

Mama alifariki jioni. Kitinda mimba wake, mdogo wangu, alikuwa Guangzhou kununua vifaa vya simu. Alilia kwenye simu na kuomba kitu kimoja tu, auone uso wa mama kabla hajazikwa. Tukakubali mazishi yawe kesho yake, ilimradi tujue atafika saa ngapi. Alfajiri nikakuta ujumbe alioutuma saa tisa usiku za kwetu: "Braza, ndo tunaondoka. Naunganisha Dubai. Nisubirini."

Kikao cha familia kikanigeukia mimi. Nikafungua kwenye simu picha ya tiketi yake ya mwaka jana: kutoka Guangzhou saa sita usiku, kufika Dubai saa kumi alfajiri. Kumi kutoa sita, nne. Nikajumlisha saa mbili za kusubiri Dubai na tano na nusu za kuja Dar.

"Saa nane na nusu mchana atakuwa ametua," nikatangaza. "Tuzike saa kumi."

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Mwanangu, hiyo China si ndo mbali kuliko sie na Dubai? Mbona kule saa nne, huku tano na nusu?"

"Ndege za kule zina kasi, mama mdogo," nikamjibu. Wanaume wakacheka.

Saa kumi ikafika, mdogo wangu haonekani, simu yake haipatikani. Watu wameshajipanga nyuma ya jeneza. Wakaniuliza tena, na jibu nililotoa linaniaibisha kuliko hesabu yenyewe. Badala ya kuitilia shaka akili yangu, nilimtilia shaka yeye.

"Si mnamjua? Tangu utotoni mtu wa kuchelewa. Kaachwa na ndege huyo. Tumsitiri mama."

Tukamsitiri.

Nilikuwa nanawa udongo wa kaburi mikononi ndipo nikakumbuka. Saa sita ile ilikuwa ya Guangzhou, saa kumi ile ilikuwa ya Dubai, na miji hiyo miwili imepishana saa nne. Safari yenyewe ni saa nane. Ni karibu kilomita elfu sita, mbali zaidi ya Dar na Dubai, kama alivyosema mama mdogo ambaye hajawahi kushika ramani. Somo hilo nalifundisha mwenyewe, na mwanafunzi anayelikosea namwita mzembe mbele ya wenzake.

Alifika isha imeshaadhiniwa, begi begani. Akatazama turubai, akatazama majamvi, akaelewa. Nilijiandaa kulaumiwa, nikatamani hata anitukane. Lakini kumbe mtu alishamweleza nilichosema saa kumi. Akanishika mikono yote miwili, analia.

"Nisamehe, braza. Mie toka zamani mtu wa kuchelewa."

Mama mdogo alikuwa ananitazama, anasubiri niseme.

"Tumekusamehe," nikasema.