Nyasi Nilizotandika Kwenye Stoo ya Msiba

Hapana, ufunguo sina tena, mkitaka masufuria ya msiba nendeni kwa Ma Adela, na msinitazame hivyo, aibu yenyewe nitawaambia mimi kabla hamjaambiwa na wengine wakaongeza chumvi. Tangu siku ile fundi akiniambia nilale juu ya mbao, nitalala.

Chama chetu cha kuzikana hapa Izigo kilijenga stoo nyuma ya nyumba yangu, sakafu ya zege, mabati mapya, na ufunguo wakanipa mimi, mimi ambaye hata jina langu likiandikwa nalipita kama simjui mwenyewe. Nikautia kamba nikauvaa shingoni, hata kanisani nao (msicheke, ndicho cheo pekee nilichowahi kupata). Fundi Deo aliyeijenga akanipa masharti, na mnajua Deo anavyoongea, kila neno analipima kwanza kwa timazi: "Mama... zege linavuta maji... toka chini. Mikeka uipange... juu ya chaga. Na matundu ya hewa... usiyazibe." Akaniachia chaga nne za mbao.

Sasa mimi nikaziangalia zile mbao, nikaiangalia sakafu, nikasema huyu mtoto ananifundisha nini, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ya nyasi nikalala juu ya nyasi, unyevu tuliuona wapi? Chaga nikazisimamisha nje kuzuia mbuzi, nikakata nyasi, nikatandika nene, mikeka yote nikaipanga juu. (Nyasi zilikuwa mbichi na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Ndiyo, najua. Sasa hivi najua.) Wiki ya pili stoo ikaanza kunuka, wapita njia wakawa wanageuza shingo, basi ili wasisikie harufu nikaziba matundu yote kwa matambara, nikafunga mlango, nikatulia kabisa.

Ndipo akafa jirani yangu Ta Leopoldi. Binti yake ameolewa Rwamishenye, kwa Waislamu, kwa hiyo wakwe wakaja kutoka mjini asubuhi, wanaume wote kanzu nyeupe mpaka macho yanauma. Nafungua stoo, mikeka imeota ukungu kama ndevu za beberu, nyasi zimekuwa uji, zege linatoa jasho. Kuanika saa ngapi, na wageni wako uani? Nikafuta kwa kanga, nikageuza upande wenye nafuu ukawa juu, nikatandika, nikawakaribisha kwa mikono miwili, "Karibuni waitu, hapa ndipo pazuri." Mikeka yenyewe ni ya rangi, zambarau na kijani, na ilikuwa imekunywa maji ikashiba. Wakwe wa watu wakakaa kwa heshima mpaka misa ikaisha. Waliposimama kwenda kaburini, kule migombani, mae! Kila mmoja huku nyuma ana mistari ya zambarau na kijani, na sisi tuliofuata tukasahau kulia.

Tulipomaliza kuzika, Ma Adela, ndiye mwenyekiti wa chama, akanivuta nyuma ya jiko na ile sauti yake ya kusoma somo la kwanza: "Mama, chama kinakuuliza." Nikajitetea. Nikailaumu mvua, nikamlaumu Deo, nikawalaumu mpaka mbuzi, na nikaona mambo yanakaa vizuri, maana alishaanza kulegea, anasema ufunguo nibaki nao mpaka mwaka uishe, ila zile chaga nizirudishe ndani leo hii. Nikashika ufunguo wangu kifuani nikashusha pumzi.

Kumbe pale uani kaka wa marehemu alikuwa anambembeleza mzee Abdu, mkubwa wa wale wakwe, aketi tena anywe maji. Mzee amesimama tu, kanzu ameishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, hakupandisha sauti, hakucheka, lakini msiba mzima ulimsikia, na Ma Adela akanigeukia akakinga kiganja.

"Hapana, ndugu yangu," alisema mzee, "marehemu mmemlaza pakavu kuliko mlivyotuketisha sisi."